Nchi Ambayo Hakuna Anayesimama

Iko nchi moja isiyo na haja ya kutajwa, maana waliozaliwa humo wanaijua, na ambao hawakuzaliwa humo wasiombe kuijua. Katika nchi hiyo abiria wote hukaa. Hukaa wakienda kazini, hukaa wakirudi, hukaa hata siku ya soko. Jambo hili halikuja lenyewe kama mvua. Lililetwa na Serikali.

Lilianza siku ambayo Mheshimiwa Mapambo, Waziri wa Usafiri na Raha za Abiria, alikwenda kukagua basi. Alilikagua karakanani, limekwisha kuoshwa, halina mtu. Akakalia kiti cha kwanza, akakalia cha pili, akavikalia vyote mpaka kile cha nyuma kabisa, wapiga picha wakimfuata na msaidizi wake akimpangusia kila kiti kwa leso. Aliposhuka, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Maadui zetu wanasema watu wetu husimama ndani ya mabasi, wamebanana kama dagaa. Leo nimevikalia viti vyote kwa makalio yangu mwenyewe. Nimetazama mbele, nimetazama nyuma, sikumwona hata mtu mmoja aliyesimama. Kwa hiyo natangaza, na atakayebisha atakuwa amebishana na viti vya Serikali: katika nchi hii, hakuna anayesimama!"

Watu walipiga makofi mengi. Waliyapiga wakiwa wamesimama, kwa kuwa uwanjani hapakuwa na viti, lakini magazeti hayakuwa na nafasi ya kuandika hilo.

Baada ya tangazo mambo yakafuatana kwa utaratibu mzuri. Vyuma vya kushikilia vikang'olewa darini. Vya nini tena? Tangu hapo waliosimama wakawa wanashikana wenyewe kwa wenyewe, mkono wa huyu begani kwa yule, na basi likikata kona huyumba wote pamoja kama nguo kwenye kamba. Ikatoka pia Sheria ya Mapaja. Sheria hiyo ilisema kwamba, kwa kuwa kila abiria amekaa, chochote kilicho mapajani mwa mtu ni chake. Kikapu ni chake, kuku ni wake, mtoto ni wake. Wakaajiriwa pia Wakaguzi wa Raha, vijana wenye glovu nyeupe, wapande mabasini kuhakikisha kwamba watu wanastarehe. Wakaguzi wenyewe hawakusimama. Wao walikuwa wanakaa wima.

Na ile desturi ya kumpisha mtu kiti, nayo ikafa. Anayempisha mwenzake hana budi kuinuka, na akishainuka tu, huyo hayupo tena.

Wabishi hawakosekani. Mwalimu mmoja alisema mbele za watu kwamba alisimama kutoka sokoni mpaka shuleni kwake, miguu ikamvimba. Akafuatwa kwa ustaarabu, akapelekwa Nyumba ya Kukalishwa, ile iliyoko mlimani yenye maua mlangoni. Alirudi amenenepa kidogo na ana adabu nyingi. Ila hakusimama tena. Mkewe alimnong'oneza jirani kwamba hujaribu kumwinua kila asubuhi, na magoti hayakunjuki.

Basi watu wa nchi ile wakajifunza kuogopa kwa miguu yao.

*

Bi Siwatu aliyajua yote hayo, na kwa sababu aliyajua alikuwa mtu wa kukaa kwake. Alikuwa akimlea mjukuu wake Tunu, ambaye mama yake alifanya kazi mji wa mbali. Lakini siku hiyo Tunu aliamka mwili unachemka, kashika sikio, analia kilio kile cha chinichini ambacho mtu mzima hawezi kukivumilia. Hospitali iko ng'ambo ya mji. Bi Siwatu akajitanda khanga, akambeba mtoto, akaenda kituoni.

"Ingia ndani, bibi, nafasi tele!" kondakta alimwambia, akimsukuma mgongoni taratibu ili mlango ufungike.

Viti vilikuwa vimejaa, na katikati watu wameshikana mabega wakitazama sakafu, kila mmoja anajifanya hayupo. Hakuna aliyeinuka. Bi Siwatu hakuwalaumu. Aliwaona wanavyomtazama na kuinamisha nyuso, akajua kwamba haya bado wanazo.

"Lete mtoto, mama."

Aliyesema alikuwa mwanamume mkubwa, kakaa dirishani, ana kovu lililoanzia sikioni likaishia mdomoni, ungedhani uso wake ulishonwa na fundi mwenye haraka. Kupakatiana watoto ni desturi ya mji ule tangu Serikali haijazaliwa. Mwenye kiti humpokea mtoto wa asiye na kiti, hamjui, wala jina haulizi. Lakini sasa kulikuwa na Sheria ya Mapaja. Na kulikuwa na lile kovu.

Basi likakata kona. Bi Siwatu akayumba, Tunu akataka kumponyoka. Akampa.

"Ahsante, baba. Mungu akuzidishie."

"Asinizidishie, mama, haka kenyewe kazito! Kanakula mawe?" Yule mtu akacheka peke yake, kisha akaugusa uso wa mtoto na kicheko kikakatika. Akavua koti lake, akamfunika. "Anaungua huyu," alisema kwa sauti ndogo. Bi Siwatu akaliona koti lile, akajilaumu kwa kuliogopa kovu.

Walipofika kwenye mzunguko mkubwa, milango ikafunguliwa na wakaguzi wawili wakaingia na glovu zao.

"Waheshimiwa mliokaa, hamjambo?"

"Hatujambo!" viti vikaitika kwa nguvu.

"Mnastarehe?"

"Tunastarehe!"

Mkaguzi mkubwa akanusa, kama mtu aliyeingia chumba kisichopigwa deki. "Mbona humu mna hewa nyingi? Dereva, acha milango wazi. Hewa itoke."

Na hewa ikatoka. Wanaume, wanawake, mama mmoja mjamzito, wote waliosimama wakateremka kimyakimya, kwa sababu hewa haisemi. Bi Siwatu akanyoosha mikono kumchukua Tunu. Glovu nyeupe ikapita katikati.

"Usiguse mtoto wa mwenye kiti."

"Ni mjukuu wangu, mwanangu."

Mkaguzi hakumtazama, hewa haitazamwi. Alimtazama yule mwenye kovu. "Mtoto huyu ni wa nani?"

Akisema ni wa bibi huyu, atakuwa amesema kuna mtu alisimama hapa. Yule mwenye kovu akamvutia mtoto kifuani.

"Ni wangu," akasema.

Bi Siwatu alijikuta barabarani, mlango umefungwa, na kabla basi halijamalizia mzunguko akasikia ile sauti anayoijua kuliko sauti zote za dunia: "Bibiii!"

*

Pembeni ya mzunguko palikuwa na Ofisi ya Faraja kwa Abiria. Ofisi ilikuwa na kiti kimoja, na alikikalia Bwana Kifaru, mtu mwembamba aliyekuwa akimenya karanga.

"Karibu, bibi. Starehe."

Bi Siwatu alitazama huku na huku, akachuchumaa sakafuni ili awe amekaa.

"Nimepotelewa na mjukuu, mwanangu. Kwenye basi."

"Pole sana. Ulikuwamo ndani ya basi hilo?"

"Nilikuwamo."

"Kiti gani?"

Bi Siwatu akashika pindo la khanga yake.

"Nakusaidia tu, bibi," Bwana Kifaru alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomtia bibi yule baridi ya mgongo. "Ukisema ulikuwa umekaa, utanionyesha kiti, na utaniambia kwa nini uliinuka. Ukisema hukuwamo, basi mtoto si wako. Na ukisema lile neno jingine..." Akageuza shingo dirishani, kule mlimani. "Pale pana maua mazuri sana. Viti vyao vina mikanda."

"Mtoto ana homa. Amechukuliwa na mtu nisiyemjua."

"Mtu aliyekaa?"

"Ndiyo, alikuwa amekaa."

"Basi ni mtu mwema."

"Sasa nifanyeje, baba? Niambie, nifanyeje?"

Bwana Kifaru akapuliza maganda ya karanga kiganjani. "Ufurahi, bibi. Mtoto wako ana kiti."

Bi Siwatu akatoka nje. Waliokuwa hewa pamoja naye walikuwa wamekwisha kutawanyika, kila mmoja amekuwa mtu tena na anaharakisha asije akaonekana. Yeye hakuwa na pa kwenda. Angekwenda wapi bila mtoto? Angemwambia nini binti yake? Aliwaza kovu, akawaza vichochoro vya ng'ambo ya mji, akawaza yale ambayo bibi huwaza na hayasemi. Akabaki kituoni hapo hapo, midomo inasoma dua.

Alikuwa bado anasoma basi lile lilipotokea tena, maana lilikuwa la kuzunguka mji. Halikutua kituoni, limejaa. Lakini lilipokuwa likipita aliona dirishani lile kovu, na chini ya kovu kichwa cha Tunu ndani ya koti. Yule mwanamume alimwona. Akaushika mkono wa mtoto, akaubandika kwenye kioo, akauacha hapo mpaka basi likapinda.

Hapo ndipo Bi Siwatu alipoelewa. Yule mtu hakuwa ameshuka. Alikuwa na safari yake, kila mtu ana safari yake. Labda anangojwa kazini, labda na yeye ana mgonjwa. Ameiacha. Amekaa palepale anazungushwa mji mzima, ili mtoto arudi mahali alipoachwa. Angeshuka, nani angempata nani?

Bi Siwatu akalia, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha woga ukamrudia, na safari hii ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na tumaini la kupokonywa.

*

Basi liliporudi tena, mtu mmoja alikuwa anashuka. Mlango ulifunguliwa, na mlangoni alikuwa amekaa wima mkaguzi mmoja kijana, masharubu ndiyo kwanza yanachomoza.

"Kiti kimoja!" alitangaza.

Aliyekuwa mbele ya foleni akapanda haraka bila kugeuka nyuma. Mkaguzi akashika mlango aufunge.

"Mwanangu, nakuomba," alisema Bi Siwatu.

"Viti vimejaa, bibi."

"Na mapaja je?"

Sauti hiyo ilitoka kiti cha mbele, kwa mwanamke mnene mwenye kilemba cha manjano na sura ya mtu asiyepunjwa sokoni. Jina lake Nyamvula. "Mapaja nayo yamejaa? Njoo, mama, nikupakate."

Mkaguzi akashangaa. "Mtu mzima?"

"Sheria inasema chochote. Inasema mtu mzima hapana?"

Kijana akauachia mlango. Na hivyo Bi Siwatu, mwanamke aliyewazika wenzake wengi na kuheshimiwa mtaa mzima, akapanda basi na kupakatwa kama kichanga.

"Mwepesi wewe!" Nyamvula alimnong'oneza. "Jikaze, usitetemeke. Ukitetemeka na mimi natetemeka, na mimi nikitetemeka basi zima linajua."

Tunu alikuwa kule nyuma. Yule mwenye kovu hakuweza kuinuka. Basi likiwa linakwenda, akamwinamia jirani yake na kumweka mtoto mapajani mwake. Jirani akamweka kwa wa mbele yake. Paja kwa paja mtoto akaja, na kila alipotua alikuwa na mzazi mpya wa halali. Kwa muda ule mfupi hakuna mtoto nchini aliyekuwa na wazazi wengi kama Tunu. Yeyote angeweza kusema "wangu" na kumshika. Bi Siwatu alihesabu viti vilivyobaki.

"Hapo hapo!" mkaguzi alipaza sauti. "Huyo ni wa nani sasa?"

Mtoto alikuwa amefika kwa dada mmoja mwenye kucha ndefu nyekundu na nguo ambayo haikushonwa kwa ajili ya makamasi. Dada yule alimtazama mkaguzi, akamtazama Tunu aliyekuwa akimpaka hayo makamasi.

"Anapita tu," akasema, na kumpitisha.

Tunu akafika mapajani mwa bibi yake, akamkumbatia shingo kwa nguvu hata akamkaba. Bi Siwatu hakulegeza.

"Mtoto ni wa bibi," mkaguzi alisema polepole, kama mtu anayepanga matofali. "Na bibi?"

"Wangu," alisema Nyamvula.

"Na yule aliyemwachia mtoto kule nyuma? Kutupa mtoto ni kosa."

"Sijatupa," alijibu mwenye kovu. "Nimempa... mke wangu. Huyo wa kilemba."

Nyamvula aligeuka akamtazama vizuri, tangu kovu hadi viatu. "Ndiyo," akasema, "ndiye huyo Mungu aliyenipa."

Mtu mmoja akacheka kidogo, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Basi nitawasindikiza mpaka nyumbani," alisema mkaguzi. "Lazima mali ifike kwa mwenyewe. Nyumbani ni wapi?"

Nyamvula hakujua. Yule mwenye kovu hakujua.

"Kwetu mlango wa kijani," alisema Tunu.

*

Waliteremka kituo cha mtaa wa Bi Siwatu, wakatembea: mtoto mgongoni kwa bibi, mume na mke wasiofahamiana majina, na nyuma yao viatu vya Serikali, kwa, kwa, kwa. Hospitali ilikuwa imebaki ng'ambo, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Jirani wa Bi Siwatu alikuwa kibarazani anachambua mchele. Aliziona glovu nyeupe, akamwona mwanamke asiyemjua ametangulia kuuendea mlango wa kijani kama wake, na kabla hajaulizwa akainua ungo wake na kumwamkia Nyamvula:

"Umerudi, mwenye nyumba? Nilikuwa nimekushikia ufunguo wako." Akampa ufunguo ambao Bi Siwatu alimwachia yeye asubuhi.

Wakaingia. Wakafunga mlango. Ndani mlikuwa na kitanda na kigoda kimoja. Bi Siwatu akamlaza Tunu, akamkanda sikio kwa kitambaa cha uvuguvugu. Nyamvula akaketi ukingoni mwa kitanda. Yule mwenye kovu, ambaye sasa alisema kwa kunong'ona kwamba anaitwa Mbaruku, akakalia kigoda.

Viatu havikuondoka.

"Hodi," ilisema sauti nje.

Hakuna aliyejibu. Bi Siwatu hakuwahi maishani mwake kuiacha hodi bila jibu.

"Hodi humu ndani."

Mbaruku akatikisa kichwa: usijibu. Mgeni asipokaribishwa kwa hodi ya tatu huenda zake. Lakini je, Serikali nayo ni mgeni?

Hodi ya tatu haikuja. Badala yake ikaja sauti ya chini sana, karibu na tundu la ufunguo.

"Mama. Mama yangu mzazi alishushwa kwenye basi. Alikuwa na mdogo wangu wa mwisho, akapakatiwa na watu, na mtoto hajarudi. Mama hali wala halali. Mimi nimeajiriwa kusema hakuna kitu kama hicho. Alikuwa amesimama, mama. Mama yangu alikuwa amesimama. Nawaomba mnifundishe mlivyofanya."

Ndani walitazamana. Lile neno halikuwa limewahi kusemwa na mkaguzi yeyote katika nchi ile, hata ndotoni. Labda ndio mtego mpya. Labda glovu nyingine zinangoja kichochoroni, na yeye ametangulizwa tu kama chambo. Nyamvula alimshika Bi Siwatu mkono. "Una mtoto wewe," alimwambia kwa midomo bila sauti.

Ndiyo, alikuwa na mtoto. Alimtazama Tunu aliyekuwa amesinzia, uso umeanza kupoa, na akawaza dirisha la basi, na mwanamke mwingine mahali fulani katika mji huu ambaye basi linapita na halimwonyeshi mkono wowote kwenye kioo.

Akaenda mlangoni, akafungua.

Kijana alikuwa amevua glovu. Mikono yake ilikuwa mikono tu. Nyuma yake barabara ilikuwa na watu wanaopita, na mtu yeyote angeweza kuona mpaka ndani.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Siwatu. "Karibu kiti."

Kiti hakikuwapo. Kulikuwa na kitanda cha mgonjwa na kigoda kimoja kilichokaliwa. Mbaruku alimtazama kijana, akautazama mlango ulio wazi na watu waliokuwa wakipita. Kisha akashika magoti yake kwa mikono miwili na, mbele ya macho ya mkaguzi wa Serikali, akasimama akampisha.